Jinsi ya Kujifunza Msamiati kwa Kusoma Riwaya Kongwe ya Mapenzi

Kiswahili tunachozungumza Kisumu, Nakuru au Kakamega kinatosha kununua samaki, kuuliza njia na kupatana nauli. Kinachopungua ni maneno ya moyoni. Mtu mwenye majonzi, mwenye soni, mwenye kijicho au aliyeduwaa, wote tunawamaliza kwa maneno matatu: anasikia vibaya, anaona aibu, amekasirika. Riwaya ya mapenzi hujaza pengo hili vizuri kuliko orodha yoyote ya msamiati, kwa sababu mada ni moja na mwandishi hawezi kuirudia kwa neno lilelile kurasa mia nzima. Mapenzi yatageuka mahaba, huba, ashiki, nyonda. Anayeomba atabembeleza, atarai, atasihi, mwisho atalalama. Na kila neno litakuja pamoja na mtu aliyelisema, mahali aliposimama na sababu ya kulisema.

Kitabu cha kuanzia

Msomaji wa bara hufaidika zaidi na riwaya za waandishi wa Unguja za miaka ya 1970. Mfano mzuri ni Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, yenye kisa cha Bahati, Idi na tajiri Mwinyi, ambamo penzi na tamaa ya mali vinakwenda bega kwa bega. Wahusika ni wachache, kwa hiyo hutapoteza nguvu kukumbuka nani ni nani. Anza kuulizia kwenye maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega, kisha kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Ukiikosa, chukua riwaya nyingine ya mapenzi ya kizazi hicho, lakini ipime kwanza.

Kipimo ni rahisi. Fungua kurasa tatu, moja karibu na mwanzo, moja katikati na moja kuelekea mwisho, uhesabu maneno usiyoyajua katika kila ukurasa. Ukurasa wa riwaya huwa na maneno kama 250 hadi 300. Maneno mageni matatu hadi sita ni kiwango kizuri. Yakizidi kumi, utakuwa unasoma kamusi badala ya hadithi na utakiacha kitabu sura ya pili; kihifadhi, anza na chepesi zaidi. Yakiwa sufuri au moja, soma kwa starehe tu, msamiati utautafuta kwingine.

Soma mara mbili, kamusi mara moja

Mara ya kwanza soma sura nzima, au kurasa nane hadi kumi, bila kufungua kamusi. Ukikutana na neno geni weka nukta ya penseli pembeni, uendelee. Kama kitabu ni cha maktaba, usikichafue: chomeka kipande cha karatasi na uandike humo namba ya ukurasa na neno. Neno likirudi mara ya pili, ongeza nukta. Hizo nukta mbili ndizo zinazokuambia neno la kujifunza ni lipi, kwa kuwa mwandishi aliyelitumia mara mbili ndani ya sura moja atalitumia tena. Lenye nukta moja liache, isipokuwa kama bila hilo huelewi kilichotokea.

Kabla ya kamusi, bahatisha maana na uiandike. Chukua sentensi kama hii: “Maneno yale yalimtahayarisha, akainamisha uso, akashindwa hata kumwitikia mkwewe salamu.” Uso ulioinama na salamu isiyoitikiwa vinakuonyesha kwamba huyu ameona haya mbele za watu. Ukifungua kamusi baadaye, unathibitisha tu. Maana uliyoitolea jasho namna hii haisahauliki upesi, hata pale ulipokosea kidogo.

Kulipata neno kwenye kamusi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mara nyingi kamusi haina kosa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyochapishwa kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania) hupanga vitenzi kwa shina. Ukitafuta “yalimtahayarisha” kwenye Y hutaliona. Vua viambishi vya mbele: ya-, -li-, -m-. Kisha vua mnyambuliko wa nyuma, -sha. Kinachobaki ni tahayari, nalo liko kwenye T. Vivyo hivyo “wakaliwazana” liko kwenye liwaza, na “kulipokucha”, ambalo riwaya hupenda kufungulia asubuhi, liko kwenye cha, kitenzi cha silabi moja kinachobeba ku- kama vile la na fa.

Nomino nazo hujificha kwenye wingi. Riwaya ya mapenzi imejaa viungo vya mwili, na wingi wake hubadilika sana: nyoyo iko kwenye moyo, nyuso kwenye uso, ndimi kwenye ulimi, kope kwenye ukope, mbavu kwenye ubavu, machozi kwenye chozi. Neno likianza na ny-, nd- au mb- na hulioni, jaribu kulianza na u-.

Kisha kuna maneno yanayofanana sura. “Ataozwa mwezi ujao” haihusiani na embe lililooza. Huyu oza ametoka kwa oa: baba anamwoza binti, yaani anampa mume. Kamusi huyatenga maneno kama haya kwa tarakimu ndogo, na msomaji mwenye haraka huchukua maana ya kwanza akaondoka nayo. Soma zote, urudi kwenye sentensi, uone ipi inakaa. Upatanisho wa kisarufi utakusaidia. “Ua hili” ni la kunusa, wingi wake maua. “Ua huu” ni wa nyumba, wingi wake nyua. Katika riwaya, mpenzi anaweza kusimama kwenye wa pili akiwa ameshika la kwanza.

Programu za kutafsiri kwenye simu zisikudanganye. Vitenzi vilivyonyambuliwa mara nyingi huzishinda, na hata zikipatia zinakupa neno la lugha nyingine lisilokuonyesha tofauti ya simanzi na jitimai.

Masikio nayo yana mitego yake huku kwetu. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo shuka na suka, au shaka na saka, huweza kuandikwa namna moja na aliyezoea Dholuo. Nakuru, ambako wasemaji wa Gikuyu ni wengi, r na l hubadilishana, na katika riwaya ya mapenzi kosa hilo linauma: mahali si mahari. Baadhi ya wasemaji wa Kiluhya na Kikalenjin huchanganya b na p. Kwa hiyo nakili neno herufi kwa herufi kutoka kitabuni, usiliandike kwa kulisikia akilini. Kisha lisome kwa sauti mara tatu.

Daftari

Daftari la mazoezi la kurasa 96 linatosha kitabu kizima. Tumia ukurasa mmoja kwa maneno manne, si zaidi, maana kila neno linahitaji nafasi. Andika neno katika umbo la kamusi, na kama ni nomino, ngeli yake. Chini yake nakili sentensi ya kitabu pamoja na namba ya ukurasa. Halafu andika maana kwa Kiswahili, si kwa neno moja bali kwa hali: nani, baada ya nini. Ukiandika “huzuni” mbele ya simanzi, jitimai na majonzi, baada ya mwezi mmoja utakuwa na maneno matatu yasiyotofautiana, na hutathubutu kulitumia hata moja.

Mwisho andika sentensi yako mwenyewe yenye watu na mambo ya hapa. “Bei ya mbuta ilipotajwa pale Dunga, wanunuzi waliduwaa.” “Kondakta alighadhibika abiria aliposhuka Kericho bila kulipa.” Sentensi ya namna hii hulitoa neno Unguja na kulileta nyumbani, na ndiyo sehemu ya kazi isiyofaa kurukwa hata siku ya uchovu.

Maneno ya ukoo mmoja yaandike karibu. Mahaba, huba, muhibu na mahabuba yana shina moja la Kiarabu. Fikra, fikiri na tafakari vilevile. Ukilishika moja, mengine huja kwa nusu ya kazi. Fanya hivyo hivyo kwa vitenzi vinavyopinduana: fumba na fumbua, kunja na kunjua, ficha na fichua.

Maneno manane kwa sura yanatosha. Anayejaza thelathini kwa siku moja huacha daftari wiki ya pili.

Kurudia ni jambo fupi lakini halina mbadala: kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu. Funika maana kwa mkono, soma sentensi ya kitabu, useme maana kwa sauti. Uliyokosa mara mbili yahamishie ukurasa mpya na uyatungie sentensi nyingine. Dakika kumi zinatosha.

Neno la kusoma na neno la kusema

Si kila neno la riwaya ni la kutumia barazani. Weka alama ya M kwenye yale ya kuelewa tu. Nyonda ni la ushairi na barua za wapendanao; kazini litashangaza watu. Hawara lina aibu ndani yake, usilitie mahali pa mchumba. Bibi ni mke kwa wengi wetu huku magharibi, lakini katika riwaya za Unguja huenda ni nyanya yake mhusika au mwanamke anayeitwa kwa heshima, kwa hiyo angalia umri na anayemwita kabla ya kuamua. Skuli ni shule. Na Ng'ambo yenye herufi kubwa si ughaibuni: ni sehemu ya mji wa Unguja, ng'ambo ya Mji Mkongwe.

Ukimaliza, pumzika wiki mbili, kisha soma upya sura mbili za kwanza bila daftari. Hesabu nukta utakazohitaji safari hii. Zikiwa chini ya nusu ya zile za mwanzo, songa mbele, na kitabu cha pili kiwe cha mwandishi yuleyule, kwa sababu mwandishi huwa na maneno anayoyapenda na utayakuta tena. Baada ya Kiu, fungua Nyota ya Rehema, iliyotoka mwaka 1976.