SOMO: Kitambi, testosteroni na sindano za jimu, uanze na kipi?

Wakuu habari za jioni. Hili somo nililiahidi muda mrefu, majukumu yakawa yananizungusha, leo nimepata upenyo ngoja nilimwage lote, ni refu kidogo mtanivumilia. Mimi nasimamia jimu ya mtaani Mbagala, ile ya vyuma vya kuchomelea na makopo yaliyojazwa zege, sio ya kiyoyozi, na hakuna wiki inapita sijaambiwa "kochi, kitambi hakitoki, hii itakuwa homoni, nitafutie sindano."

Sasa sikia. Mara nyingi sio homoni imeleta kitambi, ni kitambi kinakula homoni. Yale mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo na ini hayajakaa tu kama magunia stoo, yana kimeng'enya kinaitwa aromatesi, kazi yake ni kuigeuza testosteroni, homoni ya kiume, iwe estrojeni, ile ya kike. Tumbo likikua ugeuzaji unakua, ubongo ukiona estrojeni ipo ya kutosha unapunguza amri ya kutengeneza testosteroni, testosteroni ikishuka misuli inayeyuka na mafuta yanapata nafasi zaidi, unazunguka humohumo. Njia ya kinyume ipo pia, wazee wanaopewa dawa za kuzima testosteroni kwa ajili ya saratani ya tezi dume huwa wanaongezeka mafuta, ila wewe kijana wa miaka 32 unayekunywa bia nne na kulala saa nane usiku, tuanze na wewe kwanza.

Hatua ya 1: futi ya fundi cherehani. Achana na mizani, inachanganya maji, misuli na mafuta. Pitisha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida, na usivute tumbo ndani maana hapo unamdanganya nani? Mwanaume ukigonga sentimita 94 anza kujiangalia, ukifika 102 hali ni mbaya. Andika kwenye simu, rudia kila baada ya wiki mbili.

Hatua ya 2: usingizi. Hii watu wanairuka. Mwaka 2011 watafiti Marekani walichukua vijana 10 wenye afya zao wakawaacha walale masaa matano tu kila usiku kwa usiku nane, testosteroni ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 mpaka 15. Hawajabadilisha kitu kingine, ni usingizi tu. Na kama unakoroma mpaka pumzi inakatika, nenda hospitali, tena mara nyingi unene wenyewe unachangia huo mkoromo.

Hatua ya 3: unachokunywa. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Ukinywa nne Ijumaa na nne Jumamosi hizo ni 1,600. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kama hizo bia ni za ziada juu ya chakula chako, wiki tano tu umejivalisha kilo nzima, na hapo bado sijagusa mishkaki na chipsi mayai.

Hatua ya 4: vyuma na protini. Skwati, kunyanyua kutoka chini, kusukuma kifuani, siku tatu kwa wiki zinatosha. Kupiga tumbo mara 200 kunakomaza misuli ya tumbo, mafuta ya juu yake yapo palepale. Protini lenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo yako, wa kilo 75 ni gramu 120. Yai moja ni gramu 6, malizia na dagaa, maharage na samaki, ule mlima wa ugali uukate nusu.

Hatua ya 5: damu. Ukifanya hayo miezi mitatu futi inagoma, na hamu ya tendo imepotea na uchovu hauishi, kapime. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, hujala, maana testosteroni huwa juu asubuhi, na urudie siku nyingine. Ikisoma chini ya nanogramu 300 kwa desilita mara zote mbili ndio unaongea na daktari, sio na mimi.

Sasa hizo sindano, yaani steroidi za jimu. Kuna dogo mmoja alinivuta pembeni, akatoa kichupa kwenye soksi, ndani mafuta ya manjano kama alizeti, lebo imebanduka nusu. Namuuliza hii ni nini, anasema "ni ya kukata mafuta kochi." Nani kakwambia? "Aliyeniuzia."

Kuna utafiti wa 1996, wanaume 43, baadhi wakachomwa testosteroni miligramu 600 kila wiki kwa wiki kumi. Waliochomwa na kupiga vyuma waliongeza kilo 6.1 za mwili usio mafuta, waliochomwa bila mazoezi 3.2, waliopiga vyuma bila dawa 1.9. Siwafichi, dawa inajenga. Ila asilimia ya mafuta haikubadilika kwa kiasi cha maana kwenye kundi lolote! Yule unayemuona kakatika amekula kwa hesabu, sindano haikumlia chakula. Na bei yake ni hii: ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje unafunga kiwanda, korodani zinasinyaa, mbegu zinakata, kolesteroli nzuri inashuka, damu inakuwa nzito, moyo unatanuka. Ukiacha ghafla kiwanda bado kimefungwa, testosteroni iko chini kabisa, na kitambi kinarudi.

MASWALI YA WADAU

*Kochi nilichoma miezi minne nikaacha, sasa nina miezi mitano mke hashiki mimba. Nimeharibika?*
Usikate tamaa mkuu, wengi mbegu zinarudi, ila inachukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Kapime mbegu na homoni, na umwambie daktari ukweli wote kuhusu ulichochoma. Usije ukaongeza sindano eti "uamshe", ndio unazidi kufunga.

*Samahani kaka, shoga yangu anatumia deksa anenepe, mashavu yamejaa. Nayo si steroidi?*
Ni steroidi dada yangu, ila steroidi ni jina la ukoo. Za jimu zinajenga misuli, deksamethasoni na predinisoloni ni tawi lingine, zinajaza mafuta usoni, tumboni na shingoni nyuma huku mikono na miguu inakonda, sukari na presha vinapanda. Huo unene anaouona mwingine ni maji. Kama ametumia wiki nyingi mwambie ASIACHE GHAFLA, tezi zake za juu ya figo zimelala, anaweza kuanguka. Aende hospitali zipunguzwe kidogo kidogo.

*Nina miaka 19, sijawahi kuchoma, chuchu moja ina kitu kigumu kama gololi.*
Wakati wa kubalehe hutokea, mara nyingi huisha yenyewe. Mwoneshe daktari tu. Kwa waliochoma sindano, hiyo nyama ya chuchu ikikomaa haiyeyuki kwa daiti, inakatwa.

*Sisi wa pwani tunajua muhogo mbichi, karanga na nazi, hizo si zinapandisha testosteroni?*
Haha nilikuwa nasubiri hili. Mzee, karanga gramu 100 ni kalori zaidi ya 550, na wewe unaitafuna hiyo foleni nzima kutoka Kariakoo mpaka Rangi Tatu. Kula kiganja kimoja. Na jioni uje na ile futi.