Hina ya bibi harusi ikolee vizuri
Mashosti wa saluni hapa Ujiji na Mwanga, hina ya harusi haipakwi asubuhi ya siku yenyewe, mpake siku mbili kabla, manake ukiibandua inakuwa ya chungwa tu halafu inaendelea kukolea mpaka masaa 48 hivi. Mteja aoshe mikono na miguu kwa sabuni, asugue magaga, na mafuta asipake kabisa yanazuia rangi isiingie. Unga wa hina koroga na maji ya ndimu na sukari kidogo, funika masaa kadhaa ndo ujaze kwenye koni. Ikae masaa 4 mpaka 6, usiku kucha ndo bora zaidi, akiitoa akwangue tu, maji asiguse mpaka kesho.

Sasa piko, hapa naomba mnisikilize. Ile nyeusi inayochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi nyeusi ina kemikali inaitwa PPD, inaweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha kovu, nimeshaona bibi harusi amevimba mkono wiki ya harusi yake roho iliniuma sana. Mteja aking'ang'ania nyeusi mwambie ukweli hata kama ataenda kwa mwingine. Na mtoto usimpake piko kabisa.