Kulinda kijito cha trauti Mlima Elgon, hatua kwa hatua

Asubuhi ya kiangazi, kabla ng'ombe hawajashuka kunywa, kijito kinachopita chini ya kwetu huwa maangavu hadi unaweza kuhesabu kokoto zilizo chini. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, haipiti muda kikawa rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ni shamba la mtu linaondoka. Kazi yote nitakayoieleza hapa, ya miti, ya wadudu, ya mazungumzo na wazee, inalenga kulibakiza shamba hilo mlimani ili maji yapite peke yake.

Ninawaandikia wenzangu wa upande wa Uganda wa Elgon, kuanzia Bukwo na Kween, Kapchorwa, Bulambuli, hadi Bududa, wanaotaka kuunda kikundi cha kujitolea na hawajui waanzie wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu samaki mwenyewe. Trauti wetu, yule wa upinde wa mvua, ni mgeni. Asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki, na Waingereza ndio waliomleta katika mito baridi ya milima ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo usichukue vifaranga vyake ukavimwaga kwenye kijito ambacho hakina trauti, maana atawala samaki wadogo na wadudu waliokuwamo tangu zamani. Ninamjali kwa sababu ni shahidi asiyedanganya. Anataka maji baridi, yasipite sana nyuzijoto 20, yenye oksijeni ya kutosha. Jike huchimba kokoto kwa mkia na kufukia mayai humo, na maji yakiwa nyuzijoto 10 mayai hukaa karibu mwezi mzima kabla ya kuanguliwa. Katika mwezi huo maji safi lazima yapenye kati ya kokoto. Tope la mvua moja likitua juu yake, mayai yanakosa hewa na kufa. Mahali trauti anapozaa, ujue mlima uliopo juu yake bado umeshika udongo wake.

Hatua ya 1: Tembea kijito chote kabla ya kushika jembe

Anzia kwenye mpaka wa mbuga ushuke hadi daraja la kwanza la barabara. Nenda na mzee aliyezaliwa hapo, na mama mmoja anayechota maji kila siku. Mzee atakuonyesha mto ulipokuwa ukipita zamani. Mama atakuambia ni saa ngapi maji hubadilika rangi, na mara nyingi anajua ni kwa nani.

Beba daftari. Andika kila mahali ng'ombe wanaposhukia, kila shamba la viazi au vitunguu lililolimwa hadi ukingoni, mashine za kumenyea kahawa, josho, mahali pa kufulia, mahali watu wanapochimba mchanga, kingo zilizobomoka. Simu ikiweza kuonyesha mahali ulipo kwenye ramani, piga picha. Halafu rudi mara ya pili mvua ikiwa imekatika punde, utembee juu ya ukingo bila kuingia majini. Safari hii ya pili ndiyo inayofundisha, kwa sababu utaona kila mfereji unaoleta tope na utaweza kuufuata hadi ulikoanzia. Kwetu tulidhani tatizo ni mashamba. Tulipofuata tope, sehemu kubwa ilitoka kwenye njia moja ya ng'ombe iliyokuwa imegeuka korongo.

Hatua ya 2: Pata ruhusa

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwanza, kisha afisa mazingira wa wilaya na afisa uvuvi. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinaweka eneo la ulinzi la mita 30 kila upande wa mto wa kawaida, na mita 100 kwa mito iliyotajwa kwenye orodha ya kanuni hizo. Muulize afisa mto wenu uko kundi gani.

Msitu ulio juu ni Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, chini ya Mamlaka ya Wanyamapori. Usiingie kupanda wala kukata chochote bila wao kujua. Tangu miaka ya 1990 mamlaka imekuwa ikiandikiana mikataba na baadhi ya vijiji vya mpakani, watu wakaruhusiwa kuchukua kuni kavu, kuvuna malewa (machipukizi ya mianzi) na kuweka mizinga. Ukiwa na mkataba kama huo kijijini, kikundi chako kisimame juu yake. Na ukumbuke kwamba mpaka wa mbuga ni kidonda. Wako Wabenet na wengine waliohamishwa kutoka humo, na wakiona watu wanapima ardhi kwa kamba wana sababu ya kuogopa. Sema mapema unapima nini na kwa nini, na kamba ikae begini siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Zungumza na wenye mashamba ya ukingoni

Hapa ndipo vikundi vingi hufa. Sisi mwaka wa kwanza tulipanda miche mizuri ukingoni kwa siku moja, tukaimba, tukarudi nyumbani. Baada ya mwezi ilikuwa imeliwa yote. Mama mwenye malisho yale alituambia bila hasira, "Wanangu, mlipanda chakula cha ng'ombe wangu bila kuniuliza ng'ombe wangu wale nini." Alikuwa na haki.

Mita 30 kwenye karatasi ni kitu kidogo. Kwa familia yenye nusu eka kando ya mto, mita 30 huenda ndiyo viazi vyote vya mwaka. Ukifika na kanuni mkononi watakukubalia kwa mdomo, na usiku watalima. Kwa hiyo tunaanza na kinachowafaa wao:

Omba ukanda wa mita tano tu wa majani ya tembo au setaria kando ya maji. Mwenye shamba atakata alishe ng'ombe wake zizini, na mizizi itashika ukingo. Mita tano haziitimizi sheria, na umwambie hivyo waziwazi, lakini ukanda mzito wa majani huchuja tope jingi sana kabla halijafika majini. Msimu wa pili, akiona maziwa yameongezeka, zungumzeni juu ya kusogea mbele na kuongeza miti.

Kwa ng'ombe, kubalianeni njia moja ya kushukia, muitandaze mawe, na kwingineko mfunge kwa miiba au ua wa miche. Ikiwezekana vuteni maji kwa bomba hadi hori lililo mbali na ukingo. Ng'ombe hupenda hori kuliko kuteleza kwenye tope, na wachungaji watoto wanapumzika.

Mazungumzo haya yafanyike nyumbani kwa mtu, umekaa, si njiani. Mzee akisema "nitafikiri", mwache afikiri. Na mkubaliane na mke pia, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayelima kipande kile.

Hatua ya 4: Pima maji, na upime kabla hujabadilisha kitu

Chagueni vituo vitatu: kimoja juu msituni ambako hakuna shamba, kimoja katikati ya mashamba, kimoja chini kabisa. Pimeni siku ileile, saa ileile.

Joto: tumbukiza kipimajoto majini, mahali penye kivuli, saa nane mchana. Kituo cha chini kikiwa na joto kubwa kuliko cha juu, sehemu ya sababu ni mwinuko, lakini sehemu nyingine ni kivuli kilichokatwa. Maji yakipata joto, oksijeni iliyomo hupungua.

Tope: jaza maji ya kijito kwenye chupa ya plastiki angavu, iache mezani hadi kesho yake, kisha pima kwa rula unene wa udongo uliotua. Chupa tatu zikipangwa pamoja zinashawishi kuliko hotuba. Nimewahi kuziweka mbele ya mkutano wa kijiji nikanyamaza, na wazee wakaanza wenyewe kuulizana udongo ule ni wa kilima kipi.

Wadudu: hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu chupa inakuambia ya leo tu, na mdudu aliyeishi majini kwa miezi anakuambia yote yaliyopita hapo. Tunatumia miniSASS, njia ya kupima afya ya mto kwa wadudu iliyotoka Afrika Kusini. Mmoja anashika wavu au kitambaa cha chandarua, mwingine anasugua mawe mbele yake kwa dakika tano. Mimina kwenye beseni jeupe, tambua makundi. Kila kundi lina alama yake. Mdudu mwenye mikia miwili anayetambaa chini ya mawe kwenye maji ya kasi ana alama 17, ndiye wa juu kabisa. Wale bapa wenye mikia mitatu wana 11, na ndugu zao wembamba wanaoogelea kama visamaki 5. Kiwavi anayejijengea nyumba ya mchanga na vijiti ana 9. Kaa ana 6, na mtoto wa kerengende 6. Yule wa kerengende wembamba ana 4. Mende na kunguni wa maji wana 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Minyoo ya kawaida, ruba, na funza wa mbu na nzi wana 2 kila kundi.

Jumlisha alama za makundi uliyoyaona, gawanya kwa idadi ya makundi. Tuseme juu msituni umepata mikia miwili, mikia mitatu bapa, viwavi wa nyumba, kaa na minyoo: 17, 11, 9, 6 na 2 ni 45, gawanya kwa tano upate 9. Chini ya mashamba ukapata kerengende, konokono, ruba, minyoo na funza: jumla 16, wastani 3.2. Linganisha na kituo chenu cha msituni kuliko kulinganisha na mto wa mbali. Rudisha wadudu majini wakiwa hai. Watoto wa shule wana macho makali kwa kazi hii. Wape beseni lao, na mtu mzima akae nao.

Hatua ya 5: Zuia tope juu, kwa uangalifu

Kwenye miteremko ya wastani, matuta yanayoitwa "fanya juu" hufanya kazi nzuri: chimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo utupe upande wa juu, na juu ya tuta upande majani.

Lakini si kila kilima. Mteremko ukiwa mkali sana, na hasa ukiona nyufa kwenye ardhi, miti iliyoinama au chemchemi mpya, usichimbe mtaro wowote wa kuhifadhi maji. Maji yakizama hapo yanalegeza kilima chote. Tarehe 1 Machi 2010 kilima kiliporomoka Nametsi, Bududa, na watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Mahali penye nyufa, kazi ya kikundi ni kumwambia mwenyekiti wa LC leo hii na kuzihamisha familia zilizo chini yake. Kijito kitasubiri.

Hatua ya 6: Panda, kisha utunze miaka miwili

Panda mvua zikiwa zimekolea, si siku ya mvua ya kwanza. Karibu na maji weka mzambarau mwitu na mwanzi wa mlimani mahali pa juu na baridi. Nyuma yake mringaringa na Prunus africana, ule mti ambao gome lake limechunwa kwa dawa hadi umeadimika. Mkaratusi usiukaribishe ukingoni. Hunywa maji mengi, na chini yake majani hayaoti vizuri, kwa hiyo udongo unabaki uchi. Mwenye nayo tayari usimlazimishe kuikata. Mwombe tu asipande mingine kuelekea maji, na akivuna apande miti mingine mahali pake.

Panda michache. Miche mia mliyoipalilia, mliyoiwekea miti ya kuegemea na kuikinga na mbuzi, itakupa kivuli kuliko elfu mliyoipanda kwa picha. Kila mche upewe jina la mtu anayeutunza, liandikwe daftarini.

Hatua ya 7: Sumu

Mabomba ya kupulizia viazi na ng'ombe yasioshwe mtoni kamwe. Dawa nyingi za kupe zina viini vinavyoua samaki na wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno. Oshea shambani, mbali na mfereji. Maganda na maji ya kumenyea kahawa yaende kwenye shimo, na maganda yakishaoza yarudi shambani kama mbolea. Yakifika mtoni, yanapooza hula oksijeni yote. Msimu wa kahawa tembelea mashine zote kabla hazijaanza kazi, si baada ya malalamiko.

Na siku mkikuta samaki wamekufa: msiwale, wala mifugo wasinywe hapo. Watangulizeni vijana wawili wakawaambie wanaochota maji chini. Jazeni chupa mbili safi kwa maji ya hapo na ya juu yake, andikeni saa na mahali, chukueni samaki wawili au watatu mfunge kwenye mfuko, muweke mahali pa baridi, na mpelekeeni afisa uvuvi au afisa mazingira siku hiyohiyo. Kisha pandeni na kijito taratibu, mkigeuza mawe njiani. Mahali pale mnapoanza tena kuwakuta wadudu wa mikia miwili wakiwa hai, sumu iliingilia chini kidogo ya hapo.