Kuchagua mbegu ya muhogo ili virusi visikutane shambani

Mche wa muhogo wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya manjano, yaani ugonjwa wa batobato, huachwa ukue, kwa hoja kwamba "hata kidogo utatoa". Hicho kidogo ni kweli utatoa. Hatari ni kwamba mche huo ukiingiwa na kirusi cha pili, hugeuka karakana ya kirusi cha tatu.

Virusi vya batobato vina vinasaba vya DNA katika vipande viwili vya duara, kila kimoja na herufi (viungo vidogo vinavyounda DNA) 2,700 hadi 2,800 hivi. Virusi viwili vya aina tofauti vikiingia seli moja, hunakiliwa ndani ya kiini kimoja. Ni kama msusi mwenye kili mbili mapajani: anasuka huu, mkono unadaka miyaa ya ule, na ukili unatoka mmoja wenye rangi za zote mbili. Badiliko la kawaida hugusa herufi moja moja. Mchanganyiko huu huhamisha kipande kizima kinachofanya kazi tayari, ndiyo maana kirusi hupiga hatua kubwa kwa mara moja. Huko Uganda miaka ya 1990, kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki kilikutwa kimebeba, katikati ya jeni ya ganda lake, herufi 459 hivi za kirusi kingine cha batobato, kiitwacho cha Afrika. Miche iliyoingiwa na mseto huo pamoja na kile cha Afrika ndiyo iliyodhoofika zaidi.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni habari nyingine. Virusi vyake ni vya RNA, havibadilishani vipande na vya batobato. Lakini huozesha kiazi chenyewe, na husafiri ndani ya mbegu vilevile.

Basi anza na mbegu, kabla hata ya kumfikiria nzi mweupe, mdudu anayeeneza virusi hivi. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, ekari moja huchukua pingili (vipande vya shina vya kupandia) 4,000 hivi. Mche mzuri hutoa 8 hadi 10, kwa hiyo unahitaji miche mama 400 hadi 500. Ipitie shambani mara mbili. Ikiwa na miezi mitatu, tazama majani machanga ya juu kutafuta batobato, kisha funga utepe kwenye miche safi. Ikiwa na miezi sita hivi, tazama majani ya chini: umanjano unaofuata mishipa ni michirizi, fungua utepe. Usingoje kiangazi, maana majani ya chini yakishapukutika ushahidi umekwenda nayo. Siku ya kuvuna, kata kila kiazi cha mche wenye utepe vipande vitano au sita. Ukiona doa la kahawia, kavu na gumu kama kizibo, mche mzima usiwe mbegu, hata kama shina linapendeza. Aina ya Kibandameno hasa ichunguze sana. Ni mtamu kwa muhogo wa nazi, lakini hushikwa upesi. Ukipata aina zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Mtwapa, pwani ya Kenya, kama Tajirika, Karembo au Shibe, afadhali, ila nazo zikaguliwe.

Pingili iwe ya sentimita 20 hadi 30, yenye macho matano hadi saba, kutoka katikati ya shina la miezi 8 hadi 12. Macho yatazame juu. Kwenye mchanga unaokauka upesi, zika theluthi mbili.

Shamba jipya liweke upande wa kusini wa muhogo wa zamani, umbali wa mita 100 ukiweza. Muhogo wa masika hukulia kwenye upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini, na nzi weupe hubebwa na upepo. Kupiga dawa hakufai sana. Nzi aliyekwisha beba batobato huhitaji dakika 10 hivi kuupanda kwenye jani, na dawa huua pia wadudu wanaomla.

Miezi mitatu ya kwanza kagua kila wiki, alfajiri nzi wakiwa bado wazito. Mche mgonjwa ung'oe na mizizi, utie guniani papo hapo, ukauzike mbali. Kuuvunja tu hakusaidii, utachipua ukiwa mgonjwa. Ukishang'oa zaidi ya mmoja kwa kila kumi, viazi vya shamba hilo vile au uviuze, mbegu utafute kwingine.

Wengi huharibu kazi hapo kwenye mapengo. Wanaomba pingili kwa jirani, wanazichomeka, na kwa kufanya hivyo wanaleta kirusi cha shamba jingine katikati ya kile chao. Pengo jazia pingili ulizobakisha za mbegu yako mwenyewe, ulizozisimamisha kivulini, ncha ya chini ikiwa ardhini. Kama zimekwisha, panda kunde.