Namna ya kutembelea madaraja na makanisa ya zamani mu milima ya Uswisi, kwa mutu mwenye anatoka Bukavu

Bandugu wengi ya Bukavu wanafika Uswisi juu ya masomo ao kuona familia, wanabakia tu Genève, wanapiga foto ku saa ya maua, kiisha wanarudia. Mimi naomba mutafute hata siku mbili muende Graubünden, mashariki mu milima ya Alpes. Sisi wenye tulikomalea ku milima, mvua ikinyesha barabara inakatika, tutaelewa mbio sana kazi yenye watu walifanya kule.

Mulale Chur, njo mji mukubwa ya ile jimbo na treni nyekundu za milimani zinatokea pale. Mukate tiketi ya treni ya kawaida, hapana zile za watalii zenye vioo vikubwa, sababu zile unalipa kiti pembeni na zote zinapita ku reli ileile. Kama mutapanda treni mingi, muulize kwanza ku gare bei ya karte ya nusu bei, juu makuta ya kule inaisha haraka.

Siku ya kwanza mushike treni ya St. Moritz, mukae upande wa kuume. Mbele kidogo ya kufika gare ya Filisur treni inapita juu ya daraja ya Landwasser, ya mawe, ilijengwa 1901 mpaka 1902, urefu wa kwenda juu mita 65, nayo inakata kona kabisa kiisha inaingia moja kwa moja mu tunnel ndani ya jabali. Lakini ukiwa ndani ya treni unaona kidogo tu, inapita mbio! Mushuke Filisur, kuko njia ya miguu, kama nusu saa, inakufikisha chini ya zile nguzo. Pale mungojee treni ipite, njo utaona namna ile daraja iko nyembamba na ndefu. Ile reli yote, yenye wanaita Albula na Bernina, UNESCO iliiandika mu urithi wa dunia 2008.

Kanisa yenye haifai kukosa ni ya Mtakatifu Martin, Zillis. Unashuka treni Thusis, unapanda bisi ya manjano ya posta. Inje iko kanisa ndogo ya kijiji, hakuna kitu ya kushangaza, lakini dari yake ni ya mbao, vipande 153 vyenye vilichorwa mu miaka ya 1100. Wanakuachia kioo ya mukono, unaishika mbele ya tumbo na unaangalia chini, dari yote inakuja ndani ya kioo na shingo haiumi. Pembeni zote kuko wanyama wa bahari wenye mikia ya samaki, katikati maisha ya Yesu, wale wafalme wako juu ya farasi, na mustari wa mwisho ni Martin mwenyewe. Mupite kipande kwa kipande, polepole, musiharakishe.

Siku ya pili Schiers, unapitia Landquart. Kutoka gare unapanda mulima kwa miguu, zaidi ya saa moja, uvae viatu ya nguvu na ubebe maji, mpaka ku daraja ya Salginatobel. Ni ya beton, injinia wa Uswisi Robert Maillart njo aliichora, ilijengwa 1929 na 1930, inaruka mita 90 bila nguzo ndani ya bonde. Mradi wake ulichaguliwa sababu bei yake ilikuwa chini kuliko ya wengine wote, na mimi naona hakuna nzuri kuishinda. Mushuke njia ya chini muangalie upinde: ku miguu yake mbili na pale katikati juu iko nyembamba, sababu pale njo kuko maungio, beton inaweza kujisogeza kidogo joto na baridi ikibadilika bila kupasuka.

Kama kuko siku ingine, Müstair, ku mupaka wa Italia, nyumba ya watawa yenye michoro ya ukuta ya karibu mwaka 800, na masista wanaishi mule mpaka leo. Iko mbali, mutoke asubuhi mapema. Na muende kati ya mwezi wa sita na wa tisa, juu wakati ya theluji njia za miguu zinateleza na zingine wanazifunga.