Kupiga kambi Mlima Kulal bila tenti kukuacha

Watu wakisikia kaskazini mwa Kenya wanaogopa jua, na jua lipo kweli, lakini Kulal kitakachokusumbua ni upepo. Unatoka kusini mashariki, unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, na usiku ndio unazidi. Ile mitambo 365 ya umeme wa upepo utakayopita njiani haikuwekwa pale kwa urembo.

Safari yangu ya kwanza nilibeba vile vigingi vya tenti vyembamba kama msumari. Cha kwanza kikagonga jiwe kikapinda, cha pili hivyo hivyo, mwisho nikalala kwa gari magoti yamegusa usukani na tenti nimeikalia isipotee. Siku hizi nabeba magunia manne matupu ya sukari na kamba nzito, nikifika najaza yale mawe meusi ya volkano (hayaishi), nafunga kila kona ya tenti kwa gunia, mlango nauelekeza magharibi, upande wa Ziwa Turkana. Gari liegeshe upande upepo unakotoka. Hapo unalala.

Njia ni Nairobi, Isiolo, halafu lami mpaka Laisamis, hapo unakata kushoto unaingia ile barabara ya murram (changarawe) iliyotengenezwa kubebea mitambo, zaidi ya km 200. Jaza mafuta Isiolo, huko mbele mara nyingi ukipata ni ya mtungi na bei anapanga mwenye mtungi. Spea beba mbili, si moja, mawe ya huku yanachana tairi ubavuni na ubavu hauzibwi pancha. Na kabla ya kutoka uliza hali ya usalama kwa watu wa huko huko, wizi wa mifugo hauna ratiba.

Usiweke tenti ndani ya laga (mto mkavu wa mchanga), hata mchanga ukuite namna gani. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku wewe unahesabu nyota, maji yakufikie yakiwa na magogo.

Maji ya kunywa na kupika mimi nahesabu lita 7 kwa mtu kwa siku, na siku mbili za ziada gari likikwama. Usitegemee ziwa, lina magadi na mamba.

Sasa huko juu ni dunia nyingine. Ziwa Turkana liko kama mita 360 tu juu ya usawa wa bahari, kilele cha Kulal 2,285, kwa hiyo asubuhi unatoka jasho Loiyangalani kando ya ziwa na jioni uko kijiji cha Gatab juu mlimani umevaa sweta, ukungu umeingia kwenye mitarakwa. UNESCO waliutambua huu mlima kama hifadhi ya biosfia (eneo la kulinda viumbe na mazingira yao) tangu 1978, usikate mti, beba gesi. Ukifika pita kwanza kwa chifu, utapewa kijana wa Kisamburu wa kukuongoza, mlipe vizuri na mkubaliane bei mapema, kwa sababu ukingo wa lile korongo la El Kajarta kwenye ukungu huuoni mpaka uko juu yake. Picha za watu omba kwanza, na wazee wasalimie "supa" kabla ya kuanza maswali yako.

Na viatu usiviache nje. Hata vikiwa ndani, asubuhi vigonge kwa jiwe soli juu ndio uvae, nge wanapenda kujificha ndani ya kiatu.