"Kujichagulia": anza na embe
Kwa mnaowafundisha watoto wa Wamarekani Weusi Nguzo Saba za Kwanzaa, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka ambayo nguzo zake zina majina ya Kiswahili, "kujichagulia" ikiwa mojawapo: msianze na tafsiri, anzeni na kitenzi. Weka maembe matatu mezani. Mtoto achague moja. Kisha amchagulie mwenzake. Kisha ajichagulie. Hiyo -ji- anaisikia ikimrudishia uamuzi mkononi, na hapo neno si la kukariri tena. Juzi mmoja akauliza papo hapo: "Vitabu vyetu vya shule anatuchagulia nani?" Nilifurahi mno! Njia hii inagoma kwenye nguzo ya "ujima", yaani kazi na wajibu wa pamoja, neno lisilo na kitenzi cha kila siku. Hapo wapeleke kwanza wakamfagilie jirani mzee uwanja, wote pamoja, ndipo ulitaje, jasho likiwa bado linawatoka.